Siku Uliyomrudishia Bi Mwanakombo Hisa Yake

Mwanangu Mwanamisi,

Wewe na mama yako mmekwenda Likoni kutafuta koti la mtumba la kwendea baridini, na kwa ninavyomjua mama yako mtarudi na makoti matatu na blanketi. Nyumba imetulia. Nimeifunga mashine mapema, nimejipangusa unga masikioni, nimekaa barazani na kalamu. Haya nikiyasema kwa mdomo nitaanza kukohoa, kama nifanyavyo nikitaka kulia, nawe utanicheka.

Sitakwambia uvae soksi. Hayo mama yako amekwisha kuyasema, atayasema tena kesho asubuhi, na akishakukosa hapa atayasema kwa simu. Wala sitakuhimiza kusali, kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa ukiniamsha alfajiri. Nataka nikuandikie habari ya kazi unayoiendea. Wale wakulima wa miti huko bara wamekuita ukawasaidie kuuza hisa, wapate mtaji wa kuweka mashine yao ya kupasua mbao na ya kusaga unga. Kazi hiyo naijua. Niliwahi kuiharibu mbele ya mji mzima.

Na najua unasubiri nini. Wiki nzima waniletea chai, wasimama mlangoni kidogo, kisha waondoka bila kuuliza. Ijumaa wazee wa kamati ya mashine walipokuja, uliwasikia, kwa kuwa mwenyekiti wetu Mzee Chengo hana sauti ya siri. Akinong'ona husikika hadi kwenye gati la feri. Walikuja kuniomba nikunyime radhi. "Wewe ndiye baba," akasema. "Mwambie huna radhi na safari hii. Mtoto huyu twamjua, hatakwenda." Na alisema kweli. Ningetamka hivyo, ungefungua sanduku ukarudisha nguo kabatini na usiniambie neno. Niliwajibu wanipe muda. Jibu langu limo humu, ila nitalifikia kwa mwendo wangu, maana mimi ni mtu mzima na leo hakuna wa kunikata kauli.

Babu yako, unamkumbuka kwa picha tu. Alikuwa akisukuma magogo katika banda lile lile ninalofanya kazi mimi, wakati likiwa la kampuni ya wazungu. Walikuwa wakipasua mvule na kusaga mahindi ya kulisha vibarua wao. Siku moja ilibandikwa karatasi kwamba kampuni inauza hisa ipate kuongeza mashine. Karani mmoja akaisoma kwa sauti. Babu yako akenda nyumbani, akafukua akiba yake, akavaa kanzu ya Idi, akarudi hadi dirisha la ofisi akasema anataka hisa moja. Yule bwana wa dirishani hakumkasirikia. Alicheka, akamwambia hisa haziuzwi kwa wasukuma magogo, kisha kwa huruma zake akampa mfuko wa pumba akalishe kuku. Babu yako alikuwa akiihadithia habari hii huku akicheka, na kila akiihadithia tulikuwa tunacheka naye. Hata nilipokuwa mtu mzima ndipo niliposikia kwamba kuku wenyewe hakuwa nao.

Kwa hiyo wazungu walipokwenda zao, na banda likapita mikono hii na ile mpaka mwenye nalo wa mwisho akatangaza kuliuza, mimi damu ilinichemka. Nilikuwa fundi wa msumeno tu. Kulikuwa na tajiri mmoja wa mjini aliyetaka kuling'oa aweke ghala. Nikamwendea mwenye banda nikamwambia tuuzie sisi watu wa Mtongwe, tutachanga hisa. Akanitazama kama mtu anayetazama mbuzi aliyeomba chai. Akanipa muda mpaka Ramadhani iishe.

Basi sikiliza nilivyofanya, na ukitaka kucheka cheka.

Alifariki mzee mmoja mkubwa wa mtaani kwetu, Mungu amrehemu. Siku ya hitima uwanja ulijaa. Watu wa Mtongwe wote walikuwepo, Waislamu na Wakristo, na wengine waliotoka Chaani na Bamburi. Nikajiambia, nitawapata wapi tena wote pamoja? Dua ilipokwisha na pilau ikaliwa, nikaomba kipaza sauti. Nikawaeleza habari ya banda, nikawahadithia habari ya babu yako na pumba, nikaona watu wameguswa. Kisha nikafanya kama tunavyofanya siku zote kwenye mchango wa matanga: jina linatajwa, kiasi kinatajwa, watu wanaitikia. Akishatajwa jirani yako na kiasi chake, wewe utatoa kidogo kuliko yeye? Kwa uso gani? Pesa zilimiminika. Nilikuwa natokwa na jasho la furaha.

Bi Mwanakombo alikuwa amekaa nyuma na wanawake wenzake. Unamjua, yule wa mahamri na mbaazi. Yeye hakuwa ameinua mkono. Nami, kwa kulewa na kipaza sauti, nikamwita jina mbele ya watu. Nikamtania, "Bi Mwanakombo, mji mzima hula mahamri yako, nawe hutaki kula nasi?" Watu wakacheka. Alinitazama, akafungua fundo la leso yake, akatoa zote zilizokuwemo. Nami nikatamka kiasi chake, watu wakaitikia, nikasonga mbele.

Kabla ya Idi tukalipia banda. Nilitembea Mtongwe kifua mbele. Wewe ulikuwa mdogo, kazi yako kupoteza viatu, lakini nadhani unakumbuka nilivyokubeba mabegani siku tuliyowasha msumeno mara ya kwanza, ukaziba masikio ukapiga kelele ukitaka tena.

Haikupita muda, jirani akafiwa na mama yake. Vijana wake wakaja bandani. "Fundi, tumekuja kuchukua viunza." Zile mbao za kufunikia mwanandani, shimo la ndani ya kaburi. Nikapasua, nikawapa, sikuuliza malipo, nani atauliza siku kama ile? Wiki iliyofuata wakaja wengine. Kisha mkwe wa Mzee Chengo akafariki, wakaja kwa mbao za jeneza. Kisha harusi, wakaja kwa unga. Kisha akaja mmoja kutaka boriti za kuezekea choo, nilipomtolea macho akaniambia taratibu kabisa, "Fundi, mimi nilikuchangia. Leo yamenifika mimi." Na hakuwa na kosa. Hakuna aliyekuwa na kosa ila mimi. Kwetu mchango haupotei. Leo mimi nakuchangia kwa msiba wako, kesho wanichangia kwa wangu. Nilikuwa nimewaomba pesa matangani, kwa taratibu za matanga, wao wakatoa kama watu wa matanga, na sasa ilikuwa zamu ya mashine kurudisha. Mashine yetu ilihudhuria mazishi kumshinda imamu.

Halafu ubapa wa msumeno ukavunjika. Nikaita mkutano wa wanahisa. Nilipanga viti uwanja mzima. Akaja Mzee Chengo, na mbuzi wa jirani akaja kula majani ya embe. Siku ya pili nikazunguka kuuliza kulikoni, wakanishangaa. "Ile mashine si yako? Sisi tulikuchangia tu." Nilirudi nyumbani. Nilikuwa nimekusanya mtaji wa banda zima na sikuwa nimepata mwanahisa hata mmoja. Miaka yote uliyokuwa ukisoma, nimeiendesha mashine ile kwa kelele, kwa kubembeleza na kwa kiburi. Kila mtu alikuwa na haki ya kuchukua, na hakuna aliyekuwa na haja ya kuilinda.

Wewe ukarudi kutoka chuoni, umesomea mambo ya ushirika. Siku ya tatu, tunakula, ukaniuliza, "Baba, hawa watu wajua kwamba wao ndio wenye mashine?"

Nilikasirika. Nilikwambia umerudi na kiburi cha vitabu. Nikasukuma sahani. Mama yako akairudisha mbele yangu akasema, "Kula. Mtoto amekuuliza swali, hakukutukana." Nikala. Jibu nilikuwa nalo kwa miaka.

Kisha ukafanya jambo lililonitia hofu kuliko lolote maishani mwangu. Ukaanza kuwaendea watu nyumbani kwao, mmoja mmoja, wewe na Mzee Chengo. Hukuita baraza. Ulikaa jikoni kwao, ukawauliza wao peke yao: zile pesa ulizotoa siku ile, wataka ziwe nini? Kama ulimchangia baba yangu, sema, nitakurudishia. Kama wataka ziwe hisa, basi njoo mkutanoni ubishane nasi. Nilikuwa silali. Nilikuwa najua hesabu ya bandani. Wakitaka kurudishiwa hata robo yao, tungeuza msumeno, na banda lingekwenda kwa yule yule tajiri wa ghala. Nilikwambia, "Wafungulia watu mlango wa kutokea!" Ukanijibu, "Abee, baba, ndiyo. Bila mlango hawawezi kujua wamo ndani."

Bi Mwanakombo akataka zake.

Mzee Chengo ndiye aliyenihadithia, kwa sababu wewe hukuniambia. Anasema mlikaa naye kwenye vigoda, yuwakanda unga, akasema bila kuinua kichwa, "Nirudishie, mwanangu. Zile zilikuwa za unga na nazi. Baba yako aliponiita jina, nilitoa za biashara. Nikakaa mwezi sikaangi kitu." Mwezi ule naukumbuka. Nilikuwa nikipita mlangoni pake kila asubuhi nikikuta karai limefunikwa, na nikamtania kwamba pesa zimemwingia sasa amekuwa mvivu. Wallahi, nilipoyasikia haya niliacha msumeno ukizunguka, nikatoka nje nikakaa juu ya maranda.

Na pesa za kumlipa hazikuwepo. Ndipo ukauza zile mbao zangu za mvule. Zilikuwa zimekauka vizuri, nimeziweka juu darini tangu ulipobaleghe, niwe na za kukutengenezea kitanda cha harusi yako kwa mkono wangu. Hukuniomba ruhusa. Uliniambia zimekwisha kuuzwa, na kwamba zilikuwa zako, kwa hiyo ulikuwa na haki. Nilikuwekea uso wa chuma siku kadhaa. Nilikuwa namwambia mama yako kwamba nimezaa hakimu. Lakini ukweli, Mwanamisi, na hili sijapata kulitamka: nilipanda darini nikaona pale palipokuwa na mbao ni patupu, na nikajikuta natabasamu peke yangu kama punguani. Nilijua nimezaa mtu ambaye jina la baba yake analijali kuliko baba mwenyewe.

Nilisubiri watu wajipange foleni. Habari ilikuwa imeenea: Bi Mwanakombo amelipwa, shilingi kwa shilingi, na hakuulizwa kwa nini. Na walikuja kweli. Nilisimama dirishani nikisoma kila dua ninayoijua. Akaja wa kwanza, akakuuliza, "Kwa hiyo na yangu ipo? Nikitaka naipata?" Ukamwambia ndiyo. Akajikuna kidevu. "Basi iache hapo hapo." Akaja wa pili, hivyo hivyo. Wengine walichukua, sikatai, na tulikaa miezi tunakula dagaa. Lakini waliobaki walibaki kwa kujua. Siku uliyomrudishia Bi Mwanakombo hisa yake ndiyo siku tuliyopata wanahisa.

Ule mkutano uliofuata hukuuongoza. Ulikaa pembeni unaandika. Viti havikutosha. Walibishana juu ya viunza mpaka adhana ya magharibi, Mzee Chengo akapiga meza hadi mguu mmoja ukatoka. Mwisho wakakata shauri wenyewe kwamba kabla ya gawio, sehemu ya faida itengwe kwa viunza na majeneza ya nyumba za wanahisa, na mtu mwingine yeyote alipie. Yule yule wa boriti za choo ndiye aliyeshikilia kwamba choo kisihesabiwe. Mimi nikasimama kutoa maoni. Mwanamke mmoja wa nyuma akaniambia, "Wewe fundi ngoja zamu yako, wenye mashine twazungumza." Nikakaa. Wenzangu walidhani nimefedheheka. Nilikuwa na furaha ambayo sijui niilinganishe na nini, na nilitamani babu yako awepo asikie neno lile, wenye mashine, likitoka kwenye kinywa cha mchuuzi wa mboga.

Sasa wewe waenda kwa watu ambao mimi siwajui. Nao wana namna yao ya kutoa. Pengine kwao pesa hutolewa kanisani, pengine kwa rika, pengine mume hutoa kwa jina lake zilizotafutwa na mkewe. Mimi sijui, na wewe hujui bado, na ndiyo maana nakuandikia. Kabla hujawaambia bei ya hisa, kaa nao mpaka ujue: mtu wa pale akitia mkono mfukoni, yeye mwenyewe anadhani anafanya nini? Mimi ningeliuliza hilo tu ningejiokoa miaka. Usiwauzie siku wanayolia, wala siku wanayocheza ngoma. Siku hizo mtu hutoa moyo, na moyo kesho huutaka tena. Anayetoa haraka muulize mara mbili. Anayekusumbua kwa maswali mpikie chai, huyo ndiye atakayekuja mkutanoni. Na kipaza sauti, mwanangu, wakikupa, warudishie. Kina utamu wake kile, nami bado naukumbuka.

Kuna jambo moja hukulisikia Ijumaa, kwa sababu hapo Mzee Chengo alinong'ona kweli. Alisema, "Tulimchangia karo sote. Leo awaendee wa bara?" Neno lile lilinichoma kwa kuwa nami nilikuwa nikiliwaza. Mabega yangu yamechoka. Msumeno sasa naushika kwa hila, si kwa nguvu. Nilikuwa nimepanga kichwani mwangu kwamba wewe utakaa ofisini na mimi nitakaa barazani nikiwaudhi wateja. Kwa hiyo ilikuwa rahisi sana kusema sina radhi. Neno dogo tu, na ningekuwa nawe.

Jana nikafanya kama ulivyonifunza. Niliwazungukia wazee wale nyumbani kwao, mmoja mmoja, nikawauliza ile karo ilikuwa nini. Waliniangalia kama nimepatwa na homa. Mzee Chengo alisukuma kikombe chake cha chai pembeni. Kisha akasema, "Yakhe, tulimsomesha kwa sababu alikuwa mtoto. Hatukumnunua." Akaongeza kwamba angalau uje mkutano wa mwaka, la sivyo atakosa wa kumwambia ukweli. Nilipotoka kwake nikakutana na Bi Mwanakombo, akanisimamisha. Akaniuliza siku hizi hisa yauzwa kiasi gani. Nikamwambia. Akasema, "Nitafikiri." Akaenda zake, nami, hebu niamini, sikumwita.

Nimerudi nikajiuliza mimi mwenyewe swali hilo hilo. Usiku wa homa zako, viatu ulivyopoteza, ada, mbao za darini: nilikuwa nikikuchangia ili nami zamu yangu ikifika unirudishie? Nimelifikiri kwa haki, bila kujipendelea. Nataka urudi, mwanangu. Nataka sana, hata sasa nikisikia pikipiki inapunguza mwendo moyo wanipiga, nikidhani ni nyinyi na makoti yenu. Lakini hiyo ni hamu yangu mimi. Haikuwa deni lako hata siku moja, na atakayekwambia ni deni, hata akiwa ni mimi nikiwa mzee nimeharibikiwa na akili, usimsikilize.

Kesho usisimame mlangoni na chai ukisubiri. Nenda. Radhi zangu unazo ukirudi, na usiporudi unazo.

Ni mimi baba yako,
fundi wa mashine ya watu wa Mtongwe